Mvua ya Kuosha Paa

Kwetu Pedra Rachada mvua ya kwanza ya mwaka hainywewi. Ile ni ya paa. Miezi yote ya jua vigae vinakusanya vumbi, mavi ya njiwa, masizi ya mashamba yanayochomwa, na mijusi waliojifia huko juu bila mtu kujua. Basi wingu likikaa vizuri unachomoa lile bomba linaloteremka kutoka kwenye gata, ule mfereji wa ukingo wa paa, hadi tangini, unaliacha lining'inie na kumwaga uani, maji yanakwenda zake na uchafu wake. Paa likitakata, unalirudisha bomba mahali pake. Kila nyumba yenye tangi inafanya hivyo. Tunachotofautiana ni kusubiri. Wifi yangu Quitéria, dada yake mume wangu, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya uzio wetu, yeye husubiri muda wa kumimina kahawa kikombeni. Mume wangu Deoclécio husubiri mpaka maji yawe kama machozi.

Ana sababu yake, na Quitéria anaijua. Ndiyo maana alimtania kwa kila jambo, miguu yake, uchoyo wake wa sabuni, kofia yake iliyotoboka, lakini kwa hilo alikuwa akinyamaza.

Tangi letu tulijengewa na majirani, leo kwangu kesho kwako, mwaka ambao kitinda mimba wetu Lindaura alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuongea. Kabla ya hapo tulichota bwawani, tukinywa pamoja na mbuzi. Saruji ilipokauka na tangi likapakwa chokaa, jeupe pee, tulilisubiri wingu kama watu wanaosubiri bibi harusi. Mvua ilipokuja, hakuna aliyefikiria habari ya kuchomoa bomba. Tulisimama tumeinamia mlango wa tangi tukisikiliza maji yanavyoingia, Deoclécio amembeba Lindaura begani, na kata ya kwanza akampa yeye. Tumbo likamshika wiki ile ile. Zahanati haikusema kuwa ni maji; haikusema ni nini. Tulimzika kabla mahindi hayajachanua, kwenye makaburi ya pale mteremkoni, ambayo ukisimama mlangoni kwetu unayaona. Deoclécio hakuwahi kuniambia neno juu ya ile kata, nami sikuwahi kumwuliza. Lakini mwaka uliofuata alilimwaga tangi lote, akaingia ndani na brashi na chokaa, na tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kulishika lile bomba.

Sasa mwaka ninaousimulia tulikuwa tumeshazoea ukame, ulikuwa umefuatana mwaka kwa mwaka. Bwawa lilikuwa limebaki udongo uliopasuka. Kilichokuwepo ni kisima cha maji ya chumvi, chini kabisa bondeni, maji ambayo mbuzi wanakunywa huku wanakukasirikia. Lori la maji lilikuwa likiishia kijiji cha chini, kilima chetu halikipandi. Deoclécio alianguka akirudi kutoka kisimani na ndoo zake, nyonga ikavimba, akalala kitandani mpaka nikaanza kuogopa. Magoti yangu mimi nayo yalikuwa yameshaniaga. Hapo ndipo mwanetu Valdeci, anayeishi Recife, jiji la pwani, na mke wake, akapiga simu wakati wa Krismasi na kusema basi, inatosha, tutoke huko.

Walizungumza muda mrefu, mimi nimekaa kando nachambua maharage. Valdeci alimweleza habari za hospitali, za chumba alichotuandalia, za kuanguka mahali pasipo na mtu wa kukuinua. Baba yake akamjibu kuwa amezaliwa katika nyumba ile, na kwamba watu wake wote wako pale, walio juu ya ardhi na walio chini. Mwisho Valdeci akachoka.

"Baba, tufanye hivi," alisema. "Siku ya Mtakatifu Yosefu tangi likiwa limefika nusu, mnabaki. Likiwa chini ya nusu, nakuja na gari."

"Nimesikia."

"Umesikia au umekubali?"

"Nimekubali. Neno langu unalijua."

Kwetu Mtakatifu Yosefu, mwezi wa tatu, ndiye anayefunga mwaka. Ikifika sikukuu yake na mbingu bado kavu, mtu anaacha kutazama juu na anaanza kutazama barabara. Deoclécio alikata simu, akaenda jikoni akachukua kipande cha kaa, akapima kwa kamba, akachora mstari mweusi kwenye tumbo la tangi, nusu kwa nusu. Kisha akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kuanzia chini kupanda. Penye maji panaitika kwa uzito, patupu panalia kama ngoma. Palianza kulia chini sana, karibu na magoti yake.

Tangu siku hiyo tukaishi kwa ajili ya mstari ule.

Maji yetu hayakuwahi kutumika mara moja, lakini sasa yalikuwa yanatembea nyumba nzima kabla hayajaachiwa kwenda. Ya kuoshea mchele yalioshea vyombo, ya vyombo yakaenda kwa kuku. Nilioga nimesimama ndani ya beseni, kwa kata moja na kitambaa, na yale ya beseni yakalowanisha sakafu ili vumbi litulie, yaliyobaki nikaipelekea mipungate. Giligilani yangu, iliyokuwa kwenye karai bovu juu ya vijiti ili kuku wasiifikie, ilikunywa maji ya kusukutulia. Deoclécio alikuwa akisukutua na kutema palepale kwenye karai. Nilimwambia mimi giligilani hiyo siili. Akanijibu kwamba kuku wanakula mabaya zaidi ya mate yake na sijawahi kumkataa kuku.

Nguo nikafulia maji ya chumvi. Zilikauka ngumu, shati lake ungeweza kulisimamisha pembeni likakaa lenyewe kama mgeni. Nywele zangu, nilizokuwa nazo tangu usichana, nilizikata kwa mkasi wa kunyolea kondoo, maana zilikuwa zinataka maji yao peke yao. Nilipotoka nje Deoclécio alinitazama. Jioni, tukila, akasema nimefanana na marehemu mjomba wake. Nikamwambia mjomba wake alikuwa mwanamume mzuri. Tukacheka, kisha tukaacha kucheka, kwa sababu nywele zilikuwa bado ziko uani, upepo unazizungusha.

Mvua ilikuja mwezi wa pili, mchana. Tuliinusa kabla hatujaiona. Deoclécio alikwenda kwenye bomba, akalichomoa, akasimama amelishika mdomo wake kwa mikono miwili, kofia kichwani. Mimi nikapanga chini ya paa kila kilichoweza kushika maji: mabeseni, sufuria, chungu cha maharage, hata kile kikombe cha bati anachonyolea ndevu. Halafu ikashuka. Sijui niseme vipi. Ilishuka kama imetupwa.

Maji ya kwanza yalitoka meusi kama machicha ya kahawa, na manyoya ndani yake. Yakafuata ya rangi ya udongo. Uani pakawa mto, kuku wakapanda juu ya kuni. Deoclécio alikinga kiganja, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Bado," alisema.

Nikangoja. Mimi ni mtu wa kungoja, nimeolewa naye miaka mingi. Lakini nilikuwa natazama maji yanayovuka uzio na kuteremka kwenda bondeni, mengi, mengi, na nikaona kama ni sisi tunaoteremka. Nikamwambia yanatosha sasa, alirudishe. Akaonja tena, akatikisa kichwa. Lilikuwa paa la ukame wa miaka, lilikuwa na uchafu wa miaka.

Ng'ambo ya uzio Quitéria alikuwa ameketi barazani kwake na kitoto alichokuwa akikilea, Maíra, mapajani. Yeye bomba lake hakulichomoa kabisa mwaka ule. Tangi lake lilikuwa likiunguruma kama tumbo la ng'ombe, tulilisikia kwetu.

"Kaka," alipaza sauti, "paa hilo unaliosha au unalibatiza? Mwenzio huku nimeshashiba."

Deoclécio hakugeuka.

"Wifi, mwambie huyo. Mwambie mvua haina adabu, haimsubiri mtu."

Nikamwambia, kwa sauti ya chini, mkono wangu juu ya mkono wake. Akasema bado. Ndipo Quitéria, sijui ni furaha ya maji au ni hofu ya kutuona tunapoteza, akasema lile ambalo hakuwahi kulisema.

"Lindaura hatarudi kwa hilo, kaka."

Mvua ilikuwa inapiga vigae kwa kishindo, lakini tulilisikia. Deoclécio akakinga kiganja, akaonja, akatema.

"Bado."

Yalipotakata, yalitakata kweli. Aliniita nione: maji kwenye kiganja chake, mistari yote ya mkono unaisoma. Akaliinua bomba, akalisukuma kwenye tundu lake, na tukasikia tangi letu linaanza. Sauti nzuri kuliko zote. Nikafumba macho niisikilize. Nilipofumbua, mvua ilikuwa imeshaanza kupungua, nyuzi nyuzi, jua limetokea kwa nyuma. Haukupita muda ikabaki gata inadondosha tone, tone, na njiwa wakarudi kukaa juu ya paa safi.

Akagonga. Sauti nzito ilikuwa imepanda, si kwamba haikupanda. Lakini kutoka pale maji yalipoishia hadi kwenye mstari mweusi kulikuwa na urefu wa mkono wangu, kutoka kiwiko hadi vidole. Niliingia ndani nikamkaushia kofia juu ya jiko.

Yakaja manyunyu, siku hii, siku nyingine, yale ya kuangusha vumbi. Paa lilikuwa safi, kwa hiyo kila tone likaingia. Na sisi tukaacha kuchota tangini: tulikunywa yale ya mabeseni na sufuria, tukiyachuja kwa kitambaa na kuyachemsha, tukayanyonya kwa makini mpaka chungu cha maharage kikawa kitupu. Asubuhi moja, mwanzoni mwa mwezi wa tatu, Deoclécio aligonga, akagonga tena, akaniita na mimi nigonge. Palikuwa panaitika kwa uzito juu ya mstari. Upana wa kidole tu, lakini juu. Alikwenda jikoni akajikatia kipande cha sukari guru, akakila amesimama mlangoni, anatazama makaburi.

Siku zile niliamini tumeshinda. Nilianza hata kufikiria nitapanda nini.

Maíra ni mjukuu wa Quitéria. Mama yake, Jucilene, alikuwa amekwenda Petrolina kwenye mashamba ya zabibu, akamwacha mtoto kwa bibi na makopo ya maziwa ya unga. Alikuwa bado hajaweza kusimama. Mtoto mnene, wa vicheko, ukimwonyesha kidole anakishika na kukitia mdomoni. Kutoka kwetu tulikuwa tunasikia anavyolia akitaka kitu, sauti ya kuamrisha, na Deoclécio alikuwa akisema huyu amechukua ya bibi yake.

Halafu sauti ile ikabadilika. Ikawa ndefu na nyembamba. Siku iliyofuata ikapungua, na kupungua kwake ndiko kulikoniinua kitini. Mtoto anayelia kwa nguvu ana nguvu. Nilivuka uzio nikamkuta Quitéria amemlaza kwenye machela ya kitambaa inayoning'inia, anampepea inzi. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani. Ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama. Quitéria akaniambia muuguzi amepita, ameacha pakiti za chumvi na sukari za kumkorogea, na amesema tatizo ni maji. Amesema achemshe. Gesi ilikuwa imemwishia, kuni anazo zile zinazotoa moshi tu, na alikuwa anachemsha kadiri anavyoweza, kisha anachuja, kisha anatia dawa. Alinionyesha jagi. Maji yalikuwa yametulia, na chini yake kuna utelezi wa kijani. Yalinuka paa.

Hakuniomba. Quitéria haombi. Alinitazama tu, kisha akatazama ukuta wetu mweupe ng'ambo ya uzio, kisha akaendelea kupepea.

Nilirudi nyumbani, nikachukua ndoo, nikaenda kwenye pampu. Ni pampu ya mkono, bomba ndani ya bomba, ukivuta inatoa mlio kama kwikwi. Deoclécio alikuwa ameketi kwenye kivuli cha tangi anasuka kamba ya mbuzi. Akaniuliza nachota ya nini.

"Ya Maíra," nikasema. "Tumbo."

Vidole vyake vikasimama juu ya kamba. Nilijua anahesabu nini, kwa sababu nilikuwa nimeshakihesabu mimi, njiani, kutoka uzioni hadi pale. Ndoo moja leo. Kesho moja. Kidole kimoja juu ya mstari. Sikumtazama. Nikavuta pampu, ikalia kwikwi yake, maji yakaingia ndooni.

"Chota na ya kumwogeshea," alisema. "Yale ya chumvi yatamchoma."

Siku iliyofuata hakuniachia ndoo. Aliibeba mwenyewe, na nyonga yake ile, akivuka uzio kwa kujishika nguzo. Asubuhi moja na jioni moja. Ya kunywa, ya maziwa, ya kumwogesha, ya nepi, maana ngozi ya mtoto ilikuwa imechubuka. Quitéria alikunywa kutoka ndoo hiyo hiyo, ni mwanamke mtu mzima na tumbo lilikuwa limemshika yeye pia, ingawa hakukiri. Badala ya kushukuru alilalamika.

"Maji yenu yana ladha ya ukuta," alimwambia kaka yake.

"Yako yana ladha ya kilichokaa juu ya ukuta."

Quitéria akanywa.

Kila asubuhi, kabla ya kuchota, Deoclécio aligonga. Kile kidole kimoja kiliondoka. Mvua haikuwepo, hata wingu la kudanganya halikuwepo. Sauti ya ngoma ikashuka hadi kwenye mstari, ikaupita. Mtoto naye alikuwa anarudi polepole, siku anakunywa, siku anatapika, ukidhani amepona anaanza upya. Muuguzi alipopita tena akasema msibadilishe maji, hayo hayo mnayompa, msiache.

Quitéria si mjinga. Alikuwa anajua habari ya mstari, nilimweleza mwenyewe wakati wa Krismasi, na alikuwa na macho. Siku moja alikuja kwetu na ndoo mbili zimejaa, amezibeba kwenye mti begani, jasho linamtoka. Akazitua karibu na tangi. Alisema amefikiria. Tangi lake limejaa, maji yale yanafaa kwa mbuzi na kufua tu, yamekaa bure. Sisi tunampa ndoo, yeye anarudisha ndoo. Tunamimina humo, maji yanarudi juu ya mstari, Valdeci akija anagonga, anasikia nusu, anarudi zake Recife.

"Mtoto wa mjini yule," alisema. "Atajua maji ya nani ni ya nani?"

Kweli moyo wangu uliruka. Sitasema haukuruka. Nilitazama zile ndoo na nikaona nyumba yangu ndani yake.

Deoclécio aliinuka kutoka alipokuwa. Alikuwa amekonda siku zile, shati gumu la chumvi linamzunguka kama sanduku. Akainama kwenye ndoo moja, akakinga kiganja, akanusa. Hakuwa na hasira. Alisema taratibu, kama anavyomsemesha mbuzi mwenye mimba.

"Hii ikiingia humo, kesho Maíra atakunywa nini?"

Quitéria akasema basi tumimine mtoto akishapona. Deoclécio akamwuliza atapona lini, siku gani, amwambie. Kisha nikamshuhudia wifi yangu, ambaye simjui kwa machozi, ameketi chini kwenye vumbi kati ya ndoo zake mbili, anajifuta uso kwa ncha ya sketi na kusema ni moshi. Hapakuwa na moto popote. Deoclécio alizichukua ndoo zile akawapelekea mbuzi.

Jioni ile nilimwambia jambo moja tu. Nilisema Valdeci ni mwanetu, tukimwambia kwenye simu kwamba ni nusu atatuamini.

"Atatuamini," alisema. "Ndiyo shida yake."

Siku ya Mtakatifu Yosefu tulipanda hadi kanisani pamoja na wengine, tukiimba, wanawake wamebeba mawe vichwani kwa toba kama tunavyofanya. Anga lilikuwa la buluu toka upande hadi upande, limefagiliwa. Mtu mmoja nyuma yetu akasema labda kesho, akaambiwa na mke wake anyamaze. Tulirudi bila kuimba.

Valdeci alifika siku ya pili yake. Alikuwa ameshaambiwa habari za mtoto, Jucilene alimpigia. Alitukumbatia, akaniuliza nywele zangu ziko wapi, nikamwambia zimetangulia. Deoclécio hakumpa muda wa kuketi. Alimshika mkono, akampeleka kwenye tangi, akagonga mbele yake, akasogeza kidole, akagonga tena, mpaka mahali sauti ilipobadilika. Ilikuwa chini ya mstari kwa upana wa kiganja, kiganja kimoja cha mtu mzima.

"Hapa," alisema. "Ona mwenyewe."

Valdeci alisimama ameukodolea macho ule mstari wa kaa. Mimi nilikuwa mlangoni, na nilikuwa namwomba kimoyomoyo aseme kiganja si kitu. Nadhani na baba yake alikuwa anamsubiri aseme hivyo. Hakuondoa kidole ukutani. Nikaona nisaidie. Nikasema yale yaliyopungua yalikwenda kwa mtoto, yasingekwenda huko yangekuwa juu.

"Najua, mama," Valdeci alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka barabara. "Na mtoto amepona, nashukuru. Lakini baba anabeba ndoo na nyonga ile, nyinyi wawili mmekonda hivyo, na mvua haikuja. Mwakani nani atakuwa anakwenda kisimani?"

Deoclécio akaondoa kidole. "Neno nililitoa," alisema, akaingia ndani kutafuta viatu vyake.

Mbuzi aliwachukua jirani wa chini. Kuku nikamwachia Quitéria, na karai la giligilani. Vitu vya nyumba yangu yote viliingia nyuma ya gari na nafasi ikabaki. Deoclécio aliteremka peke yake hadi makaburini na ndoo ya chokaa, akakaa huko, hakuna aliyemfuata. Aliporudi alikuwa na chokaa hadi viwikoni.

Quitéria alikuja uzioni na Maíra kiunoni. Mtoto alikuwa ameshika bonge la kuskusi ya mahindi, analitafuna kwa meno yake mawili, amejipaka hadi masikioni. Deoclécio alimpa dada yake mkono wa pampu, ule unaochomolewa.

"Ya mtoto tu," alisema. "Usije ukaoshea miguu."

"Miguu yangu michafu tangu ubatizo, itasubiri." Kisha akamshika mkono wa shati, lile shati gumu. "Kaka. Yale niliyosema siku ile ya mvua."

"Mvua ilikuwa na kelele," Deoclécio alisema. "Sikusikia."

Akamtia mtoto kidole mdomoni, mtoto akakiuma, akakitoa. Akapanda gari, kiti cha mbele, akafunga mlango. Hakugeuza shingo. Niliyegeuka ni mimi, na sikuona kitu, vumbi la gari letu wenyewe lilikuwa limeshaifunika nyumba.

Njiani Valdeci aliwasha redio, akaizima. Mchana tulisimama kwenye kituo cha mafuta, kikubwa, cha malori, na Valdeci akaenda kununua kahawa. Deoclécio alisema anakwenda kunawa ile chokaa. Nikamwona amesimama kwenye ukuta wa nje, penye koki, ameinama.

Alikawia. Nikateremka, nikamfuata kwa magoti yangu haya. Mikono ilikuwa imeshatakata, chokaa yote imeondoka. Koki ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho, na alikuwa ameikinga tu mikono chini yake, viganja juu, maji yanajaa na kumwagika, yanajaa na kumwagika. Dereva mmoja mwenye taulo begani alikuwa amesimama nyuma yake anangoja zamu. Akanitazama, kama anayeuliza mzee ana nini.

Miaka yote niliyokaa na mtu huyu sijawahi kumwona amemwaga bure kata ya maji safi. Nilinyoosha mkono niifunge ile koki, ulikuwa mkono wenyewe ulionyooka, kwa mazoea. Akanizuia kwa kiwiko.

"Hayakatiki," alisema. Hakuwa ananiambia mimi.

Valdeci akapiga honi. Nikamwashiria kwa mkono angoje. Yule dereva akaenda kutafuta maji mahali pengine. Mimi nikasimama pale pembeni yake, na maji yakaendelea kupita mikononi mwake, safi, yakiingia kwenye tundu la sakafu.